Vidoa Vitano Chini ya Jicho la Kushoto

...na pua nayo, hasa pua, mbona huchagua kuwasha saa ileile mtu anapoambiwa asisogee, mkono unataka kupanda ukune na hauna ruhusa, kwa sababu fundi taa yuko juu ya ngazi na ameshasema mara tatu, "Dada Utepe, nakuomba, usisogee, nikikipoteza hiki kivuli cha pua naanza upya," na yeye hajasogea, leo siku ya kumi na saba hajasogea, ndiyo kazi aliyopewa, kusimama juu ya msalaba wa utepe mwekundu uliobandikwa sakafuni pale atakaposimama staa, staa ambaye sasa hivi yuko chumbani kwake anakunywa kitu cha baridi kwa mrija ili rangi ya mdomo isitoke, na taa zikishakaa sawa kwenye uso wa asiye staa ndipo staa ataitwa, na Dada Utepe atajiondokea kimyakimya kama mtu aliyemshikia mwenzake nafasi kwenye foleni ya benki, asante dada, tuonane kesho... wakati mwingine hujiuliza kama mwanga unajua kwamba unampiga mtu siye, lakini mwanga hauna habari, mwanga humkumbatia yeyote aliyesimama, na huu wa leo una uvuguvugu wa maji ya kuogeshea mtoto, unamteremkia shavu la kushoto, shavu lenye mambo, na macho yanataka kufumba, na angeyaachia angelala wima hapahapa kama nguo kwenye henga, isingekuwa lile neno la mwongozaji wa filamu linalomzunguka kichwani tangu asubuhi, fikiria, dada, una muda mpaka taa ziwe tayari.

Mpaka taa ziwe tayari, na fundi taa wetu huyu, Mungu ampe maisha marefu, ni mtu wa polepole, taa moja huibembeleza kama anaiomba msamaha, kwa hiyo muda upo, si mwingi lakini upo, na mbele yake Bunge limekaa linamtazama, makoti mia moja na kumi yaliyovishwa migongo ya viti, koti la mvua, koti la manyoya, la daktari, la bwana harusi, kila moja na kibao cha jina na glasi ya maji, maana katika filamu hii wabunge wenyewe walitoka siku moja kwenda kunywa chai wasirudi, nchi ikaona mambo yanakwenda vilevile tu, pengine nafuu kidogo, ikaamua makoti yaendelee, na yanapiga kura kweli, mikono yao inavutwa juu kwa uzi wa nailoni, wanaosema ndiyo, ndiyooo, wanaosema siyo, kimya... na anayajua yote, koti kwa koti, kwa sababu yametoka kazini kwake, kwa dobi, kwenye ile reli ya nyuma ya nguo zilizoletwa kufuliwa zikasahauliwa, lile la kijivu safu ya pili ni la mwalimu mkuu aliyehama bila kuaga, lile la kijani ni la yule mama aliyesema narudi Ijumaa, Ijumaa ya miaka sita iliyopita, na yeye ndiye aliyeyapiga pasi, kola kwanza, kisha mabega, mikono mwisho, miaka kumi na mmoja nyuma ya kaunta ile, mpaka alipoingia mwongozaji kukodi makoti yasiyo na wenyewe, akainua macho kutoka kwenye risiti, akamwona, akasahau alichokuja kusema... "Dada, uso wako ni nchi," ndivyo alivyotamka, mtu mzima na ndevu zake, na yeye akajibu, "Jumla makoti mia na kumi, utasaini hapa chini," kwa sababu mtu akikuambia uso wako ni nchi unamjibu nini.

Alishaitwa mengi, mbalanga, madoadoa, shuleni waliwahi kumwita pundamilia na yeye akacheka nao ili yaishe, kuna mteja mmoja huweka nguo kaunta kisha anarudi nyuma hatua mbili kana kwamba mabaka yanaruka, lakini nchi, hapana, nchi ilikuwa mara ya kwanza, na siku ile alirudi nyumbani anatembea katikati ya barabara kama mwenye barabara, akamwambia binti yake, wanatengeneza filamu ya vichekesho vya siasa, mambo ya ndotoni-ndotoni, nchi imepoteza ramani yake, waziri mmoja alifungia viatu ndani yake akaisahau, na nakala pekee iliyobaki duniani iko usoni kwa mwanamke mmoja mpiga pasi, kila baka jeupe ni jimbo, palipobaki rangi ya kahawia ni bahari, basi makoti yanamleta Bungeni, yanagombana mipaka juu ya mashavu yake, yanampiga marufuku kucheka kwa sababu akicheka majimbo mawili yanasogeleana, na binti yake, miaka kumi na mitatu, akaacha kijiko hewani, "Sasa huyo si wewe, mama?" na yeye akasema, ndiye mimi, huyo ndiye mimi, ulimi ulikimbia mbele ya skripti... kwa sababu wiki iliyofuata mwongozaji alikaa naye kwenye ngazi, akamshika mkono, akamweleza kwa huruma nyingi kwamba wadhamini wanataka sura inayojulikana, "Unajua biashara hii, dada," yeye alijulia wapi, na sura inayojulikana ikapatikana, ikapakwa sura isiyojulikana, na waandishi wa habari walipokuja yule yule mwongozaji akawaambia, "Hii ni filamu ya wasioonekana, tunataka kila mtu aingie ukumbini ajione," na wote wakapiga makofi, na yeye, nyuma ya taa, akapiga pia, alipiga kwa nguvu kuliko wote, mpaka leo hajui kwa nini.

Kwa hiyo kila asubuhi viti viwili mbele ya kioo kimoja, yeye na staa, na fundi wa mekapu katikati na brashi yake, anamtazama huyu anamchora yule, "Geuka kidogo mpenzi, hili baka lako la kidevuni lina kona ngumu," saa mbili nzima, na staa si mtu mbaya, haki yake apewe, humuuliza habari za mtoto, humsogezea feni, siku moja alijitazama alivyokamilika akasema, "Lakini pazuri, jamani," akasema pazuri kama mtu aliyetembelea mahali, na jioni akajipangusa kwa pamba na mafuta, nchi nzima ikabaki kwenye pamba sita ndani ya kapu la taka... alizitazama zile pamba, mtu wa usafi akaja akabeba kapu, na yeye akatoka nje na yake usoni, akangoja basi.

"Kidevu juu nusu," anasema fundi taa, "nusu ya nusu, hapo, hapo hapo," na kidevu kinapanda, na ndani ya mfuko wa gauni, gauni lililoshonwa sawa na la staa kila kitu mpaka vifungo, kile kikopo kinasogea kidogo kikagusa paja, kimeshapata joto, kikopo cha rangi ya kahawia cha fundi wa mekapu, kidogo, kinafunikwa na kiganja, alichokiomba mwenyewe asubuhi kwa sauti ya chini, "Ni ya mtoto, ameanza, hapa pembeni ya mdomo," na fundi wa mekapu alichanganya mbili tatu juu ya mkono wake mpaka akapata rangi, akamkabidhi akamfumba vidole, kwa sababu ndiyo, ameanza, mwezi uliopita, binti yake, alama ndogo kama ya maziwa, na kwanza alimwambia futa mdomo wako, mwanangu, mtoto akafuta, ikabaki, wakatazamana, na jana mtoto ndiye aliyesema, huku anajifanya anatafuta soksi, "Mama, niletee ile rangi ya huko kazini, ile ya kufunika, siyo ile ya kuchora," na halafu, soksi moja mkononi, "Nimewaambia darasani wote kwamba umo kwenye filamu, umo kweli, eti? Wewe wewe?"

Wewe wewe, na leo ndiyo siku ya kuwamo, leo pekee katika siku zote kumi na saba, kwa sababu leo ni onyesho la beseni, Waziri wa Mipaka anakuja na sponji na sabuni kumsugua Mama Ramani, yule mwenye nchi usoni, mbele ya Bunge ili nchi ichorwe upya kwa haki, anasugua, anasugua, na mabaka hayatoki, hapo ndipo penye kichekesho, hayatoki, lakini ya staa yatatoka, yatatoka kwa tone la kwanza, rangi itatiririka shingoni, walijaribu jana ikawa balaa, staa alifanana na ukuta uliovujiwa na paa, basi mwongozaji akashika kichwa, kisha akageuka taratibu, akamwona aliyekuwa amesimama juu ya utepe muda wote, na ikaamuliwa kwamba kamera ikiwa mbali atakuwa staa, na karibu kabisa, shavu tu na jicho na povu, atakuwa yeye, sekunde kumi na mbili, akazihesabu usiku kucha kitandani, moja mpaka kumi na mbili, ni nyingi ukizihesabu polepole... na asubuhi akaja Mama Daftari, yule mama mwenye picha za kila kitu, kazi yake kuhakikisha glasi iliyokuwa nusu jana haiji kujaa leo, akamsogelea na miwani, akatazama picha, akatazama uso, picha, uso, akasema, "Hivi vimetoka wapi?" kana kwamba amekwenda kuvinunua.

Vidoa vitano, chini ya jicho la kushoto, katikati ya baka jeupe, kila kimoja kadiri ya chembe ya mtama, kahawia, kahawia yake mwenyewe ya utotoni, na daktari wa ngozi aliwahi kumwambia jua kidogo huweza kuirudisha rangi, ikaja kwa madoa madogo, huweza, si lazima, naye alisahau, miaka mingi hakuwa na habari ya jua, dukani kwa dobi jua ni mvuke, lakini wiki mbili hizi wamesimama nje kwenye ngazi za jumba la Bunge kuanzia asubuhi, amemsimamia staa kwenye jua ili staa asisimame kwenye jua, na ngozi bila kumwuliza mtu ikaanza kurudi nyumbani, vitano, alipoviona kwenye kioo alijikuta anacheka peke yake bafuni... "Haviko kwenye picha," alisema Mama Daftari, "staa hana hivi, dada, hatuwezi kuwa na uso ambao haufanani na uso," na mwongozaji akaitwa, akaviinamia, akapiga ulimi, akampa lile neno lake tamu, "Si kitu, tutavifuta kwenye kompyuta, dakika mbili, wewe weka saini tu, fikiria, una muda mpaka taa ziwe tayari," na karatasi imo ndani ya daftari, ameisoma, mistari minne, nakubali uso wangu urekebishwe ili ulingane na wa mhusika, akaisoma tena, ulingane na wa mhusika, ambaye kachorwa kutoka kwake, kwa hiyo yeye arekebishwe afanane na mtu aliyejipaka kufanana naye, hata makoti, hata makoti hayawezi kupitisha hoja kama hiyo bila mmoja kuanguka kwenye kiti... lakini sekunde kumi na mbili, na darasa zima limeshaambiwa, na vidoa vyenyewe kadiri ya mtama, nani ataviona, weka saini mwanamke, acha makuu.

Povu litakuwa la baridi au la moto, hakuuliza, na sponji, sponji ni laini, haiwezi kuwa kama dodoki, dodoki la mama lilikuwa kavu, lilikuwa limening'inizwa kwenye msumari wa bafuni, na mama yake alimwita, "Njoo hapa, hiyo ni dawa ya meno, hunawi vizuri wewe," shavu la kushoto, chini ya jicho, hapa hapa taa inapopiga, umri wake kumi na minne, na mama akasugua, akasugua, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu ngozi ikaanza kutoa maji na baka likabaki limekaa pale linawatazama, jeupe, halina habari, na mama akaacha dodoki likaanguka, akageuza ndoo akaikalia, akalia, mama yake ambaye hakulia hata msibani, alisema, "Nilidhani ni langu kulitoa, nisamehe, nilidhani nikisugua kwa upendo litatoka," na kesho yake akarudi kutoka dukani na kopo la poda, na tangu hapo kila asubuhi kabla ya shule, pafu, pafu, pafu, kwa ule mkono mwororo, huku anaimba kidogo puani, miaka minne, na hakuna siku mama alimpenda kama zile asubuhi, na hakuna kitu kilichomfundisha kwamba ana la kuficha kama zile asubuhi... na kikopo kimo mfukoni, kina joto, kinamchoma paja, kopo la mama, kopo hilo hilo, limepita kwenye mikono, limekuwa dogo zaidi, mfuniko mzuri zaidi, naye alikuwa analipeleka nyumbani akiimba.

Hakuwa ameliona hilo. Anasimama nalo, hawezi kuinamisha kichwa, machozi yanakuja na hayaruhusiwi, yatang'aa, fundi taa ataanza upya, basi yanabaki palepale kwenye ukingo na taa zinavimba, zinakuwa duara, zinaogelea, na Bunge nalo linaogelea, koti la kijivu linajikohoza, Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja kwamba vidoa vitano viondolewe kwenye ramani kwa kuwa havikuwepo siku ya kwanza, na mikono inapanda, ndiyooo, na mlangoni kuna watu watano wamefika na mizigo yao, wana vumbi la safari, wamevua viatu kwa adabu, mlinzi anawauliza mnatoka jimbo gani, wanasema tunatoka pale, chini ya jicho, mlinzi anatazama picha, anawatazama wao, hampo, anasema, lakini tupo, wanasema, tumekuja kwa miguu, tulifukuzwa zamani tulipokuwa wadogo na sasa tumerudi kwetu, hampo, anasema mlinzi, rudini baada ya filamu... na koti la kijani, la yule mama wa Ijumaa, linanyanyuka peke yake bila uzi, safu ya nne, linasema siyo, kwa sauti ya mtu aliyekuja kuchukua nguo yake, siyo, waingie... anapepesa mara moja, chozi linarudi ndani, makoti ni makoti, uzi wa nailoni unameta kidogo.

"Dada," anasema fundi taa kutoka juu, "leo una vitu gani hapa chini ya jicho? Vidoa hivi? Usivifute, nakuomba, vinanipa pa kushika, siku zote hilo shavu likipigwa na taa linakuwa jeupe tupu, sijui nimefika au sijafika, leo naona kabisa, hapa ni ngozi," na anashuka kidato kimoja, anapanda tena, anapotea nyuma ya mwanga, hajui alichosema, watu wa taa hawajui wanachosema, wao husema wanachokiona, naona kabisa, hapa ni ngozi, na ghafla yale mambo aliyokuwa akiyazungusha tangu asubuhi yanatua, moja moja, kama nguo zilizokauka, kwa sababu kumbe swali si kwamba nani ataviona, anamjua atakayeviona, ana miaka kumi na mitatu, atakaa safu ya mbele na nusu ya darasa, macho yamemtoka, anamtafuta mama yake katikati ya nyuso zenye mabaka ya mama yake ambazo si mama yake, na shavu likija, limefutwa, limelinganishwa, atajuaje, atamgeukia mwenzake amwambie nini, nadhani ni huyu, na anadhani mpaka lini.

Basi wanisugue, anawaza, sponji naijua, nimesuguliwa na mkono ulionipenda sembuse wa Waziri, lakini hivi vinabaki, na hayo atamwambia Mama Daftari kwa heshima zote, bila kupaza sauti, vinabaki, na ukitaka nyuso zifanane, dada yangu, kiti cha mekapu hakiko mbali, staa aongezewe vitano, brashi ipo, saini yangu haipo, na wakisema basi tunaliacha onyesho la beseni, waliache, atakwenda nyumbani aseme kweli, sikuonyeshwa, nilikuwa nasimama ili taa zikae sawa, na kweli hiyo nayo itaumiza kwa siku mbili tatu, ameumia zaidi ya hapo... na kikopo, kikopo atakiweka mezani kati yao wawili, hatakipaka, hatakiimbia, atasema hiki hapa ulichoniomba, ni chako, ukitaka kupaka paka, usipotaka acha, lakini mwanangu, sikukuletea kwa sababu una la kuficha, na kwanza, kabla ya yote, atamwomba msamaha kwa lile la futa mdomo wako.

Hakuna kilichosogea, utepe uleule, ngazi ileile, glasi za maji mbele ya makoti nusu kama jana, pua bado inawasha, Mungu wangu inawasha, na kutoka gizani nyuma ya kamera viatu vya Mama Daftari vinaanza kuja, ko, ko, ko, kalamu imeshafunguliwa, ameisikia, na fundi taa anasema, "Bado kidogo, Dada Utepe, usisogee," na yeye maneno yake yapo tayari nyuma ya meno, yamenyooka, yamepigwa pasi, kola kwanza, kisha mabega, na ya nyumbani nayo yapo, yamekaa nyuma ya hayo, ndiyo anayoyarudia sasa bila kutikisa mdomo huku viatu vinakaribia, kwamba zitapita nyingi, mwanangu, ukumbi ukizima taa zitapita sura za yule staa, tena na tena, zote na mabaka yangu, usihangaike nazo, kula bisi zako, wewe ngoja beseni, ngoja povu liondoke, halafu hesabu, chini ya jicho la kushoto, hesabu polepole, ukifika tano, huyo ndiye mimi.